Chakula cha Sungura

Sungura wa mtoto akifa, watu husema: "Ugonjwa umempata." Labda. Lakini mara nyingi kilichomwua ni chakula, tena chakula alichopewa kwa upendo.

Kazi ya sungura ni kutafuna. Meno yake hayaachi kukua. Kila juma huongezeka milimita 2 hivi. Kutafuna majani magumu ndiko kunakoyapunguza. Asipopata majani, meno yake hurefuka na kupinda. Mwisho hawezi kula tena, anakufa kwa njaa mbele ya chakula. Kwa hiyo nyasi, mbichi na kavu, zisikosekane kibandani mchana wala usiku. Majani ya viazi vitamu pia humfaa.

Watu husema: "Sungura hula karoti." Kweli anazipenda, kama mtoto apendavyo muwa. Lakini ni mtoto gani aliyekua kwa muwa peke yake? Karoti ina sukari nyingi. Kipande kidogo chatosha. Mkate na ugali humharibu tumbo, naye sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi.

Wengine husema: "Sungura hanywi maji, majani yanamtosha." Wanakosa. Apewe maji safi kila siku, zaidi yule anayekula nyasi kavu, na yule anayenyonyesha.

Wengine tena humwona akila mavi yake, wanadhani ni mgonjwa. Sivyo. Sungura hutoa mavi ya namna mbili. Yale makavu ya mviringo huyaacha. Yale laini huyala mara yanapotoka, maana yana chakula chema ambacho mwili haujakipata bado. Ng'ombe hucheua, sungura naye ana njia yake.

Si kila jani ni chakula. Majani ya nyanya na ya viazi vya Ulaya yana sumu. Sombe mbichi pia ina sumu. Ndiyo sababu mama huitwanga na kuipika sana kabla ya kuwapa watu.

Sungura akikataa kula siku nzima, yu hatarini. Aambiwe upesi mtu ajuaye wanyama.

Mtoto anayemmegea sungura mkate wake ana huruma. Mtoto anayetoka asubuhi kumkatia nyasi ana huruma na akili pamoja, na sungura wake ataishi.