Mguu Ukiuma, Usikimbilie Kuuchua

Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkandaji katika mtaa wa Kibokoni, Mombasa. Waliojifungua walimwita, na wazee waliokazana viungo, na akina mama walioletewa watoto walioteguka mchezoni. Nimelelewa katika harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Nilipoolewa nikahamia Nairobi, katika mtaa wa Jamhuri, chupa ya mafuta ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza nilivyovitoa sandukuni. Nisilaumiwe basi nikikiri kwamba niliamini hapana maumivu ya mguu yanayoushinda mkono na mafuta. Imani hiyo iligharimu muundi wangu, na nusura igharimu zaidi kwa mtu mwingine. Ndiyo maana naandika.

Nilianza kukimbia baada ya kumzaa mwanangu wa tatu. Tu wanawake watano, majirani, tunaokutana baada ya swala ya alfajiri tukiwa na nguo zetu ndefu na hijabu, tukashika Barabara ya Ngong, tukaupita uwanja wa mbio za farasi, kisha tukarejea kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Waliotushangaa tuliwakumbusha kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda mara ya kwanza, naye akamshinda mara ya pili. Tena Agosti 2024 tulimtazama Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi, akiishinda marathoni ya Olimpiki mjini Paris kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, kisha akaipokea nishani yake akiwa amejitanda hijabu. Siku hiyo tuliazimia kwamba mwaka utakaofuata tutashiriki nusu marathoni hapa Nairobi.

Ramadhani ilipokwisha, nikataka kufidia mwezi mzima kwa siku chache. Kutoka kilometa 20 kwa wiki nilifika 40 katika muda wa wiki tatu, zote juu ya lami, na katika siku hizo hizo nikafunga sita za Shawwal. Maumivu yalianza upande wa ndani wa muundi wa kushoto, karibu shubiri moja juu ya kifundo. Mwanzo yalikuja baada ya kukimbia, kisha katikati ya mbio. Baadaye yakanifuata kwenye mswala, nikawa siwezi kukaa tahiyatu bila kuuma meno. Mwishowe yakawa yananiamsha usiku.

Nami kila usiku nilichua. Nilipasha mafuta, nikaushika mguu, nikapitisha kidole gumba juu chini kwa nguvu, hasa pale nilipohisi uvimbe mgumu kama fundo. Nilidhani ni msuli uliojikunja, na kwamba nikikaza mkono utafunguka. Nilinunua hata lile gogo la sponji ambalo wanariadha hujibiringishia miguu. Baada ya kuchua nilipata nafuu ya nusu saa au saa nzima, na asubuhi nikatoka tena. Hayo yaliendelea kwa wiki sita, mpaka mume wangu aliponiambia, "Mke wangu, maradhi yanayotibiwa kila siku na kila siku yakazidi, hayo hayajatibiwa."

Daktari aliyenipokea hospitalini, mwanamke mtulivu, hakukanda chochote. Aliweka ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, nikapiga kelele. Akaniomba nirukeruke kwa mguu huo mmoja, nikashindwa. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, naye hakushangaa, kwani mfupa unapoanza kupata ufa wa aina hii, picha hiyo huweza kutouonyesha kwa wiki kadhaa. Kipimo cha MRI ndicho kilichoufichua.

Kisha akaniuliza mambo ambayo sikuyatarajia. Nakula nini? Hedhi yangu inakuja kwa mpango? Nilimjibu kwa haya kwamba ilikuwa imekatika kwa miezi miwili, na kwamba nilijionea raha tu kuswali bila kusita. Akanieleza kuwa mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi; hedhi husimama, na homoni inayoilinda mifupa hupungua. Ukiongeza upungufu wa vitamini D, ambayo mwili hujitengenezea ngozi inapopata jua, mfupa hukosa nguvu za kujijenga upya kati ya pigo moja na jingine. Nasi tunaojisitiri na kutoka kabla ya jua kuchomoza tunahitaji kuuangalia upungufu huo. Si wanawake dhaifu tu wanaopatwa. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alipata ufa kama huo katika mfupa wa paja mwaka 2008, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing, na huko akamaliza wa 23.

Nilimuuliza swali lililokuwa likinikereketa: je, mikono yangu ndiyo iliyouvunja mfupa? Akasema hapana. Ufa uliletwa na mapigo ya lami juu ya mfupa uliochoka na kukosa lishe. Lakini mikono ilizidisha madhara kwa njia mbili. Kwanza, lile fundo halikuwa msuli. Lilikuwa mfupa wenyewe ukijaribu kujiunga, na kila nilipoukandamiza niliuchokoza utando wake uliokwisha kuvimba. Pili, na hili ndilo kubwa, kuchua hutuliza hisia ya maumivu kwa muda bila kugusa chanzo chake. Ile nafuu ya saa moja ndiyo iliyonipa ujasiri wa kukimbia wiki sita zaidi. Nilipumzika wiki nane, nikaswali juu ya kiti kwa muda, na nusu marathoni ikawapita wenzangu wakiwa wanne.

Ningeishia hapo lau si jambo lililotokea miezi michache baadaye. Mpwa wangu alikuja kutoka Mombasa kwa basi, usiku kucha amekaa, mtoto wake akiwa na wiki tatu tu. Jioni yake akanyoosha mguu akaniambia, "Khala, nichue kidogo, shavu la mguu limekaza tangu njiani." Nilikwisha kushika chupa ya mafuta. Nilipomgusa, nikahisi joto. Nikatazama mguu wa pili, ukawa mwembamba kuliko ule. Nikaifunika chupa, tukaita teksi.

Ilikuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Hatari hii huongezeka katika wiki sita baada ya kujifungua, na mtu anapokaa safarini saa nyingi bila kusogea. Tuliambiwa kwamba mguu wa namna hiyo hauchuliwi kabisa, kwa sababu bonge la damu laweza kung'oka likaenda kuziba mishipa ya mapafu, na watu hufa kwa hilo. Alipewa dawa za kuzuia damu kuganda, na alhamdulillahi yu mzima.

Usiku ule nilimkumbuka bibi. Hakuwa akimimina mafuta mgonjwa anapoketi tu. Kwanza aliuliza: maumivu yameanza lini? Umeanguka? Yanakuamsha usiku? Kisha aliweka kiganja kupima joto, na kuna wanawake aliowarudisha, akisema, "Huyu si wangu, mpelekeni kwa daktari." Mimi nilirithi mkono wake nikaliacha swali lake.

Dada zangu, simkatazi mtu kukanda. Misuli iliyochoka baada ya mazoezi hufarijika kwa mkono mwepesi, na mama aliyeshinda jikoni ana haki ya kuchuliwa miguu. Lakini maumivu yaliyokaa mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku, yaache, pumzika, uende ukapimwe. Palipopigwa na kuvia damu pasisuguliwe kwa nguvu, maana misuli yaweza hata kuota mfupa ndani yake. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto au wekundu kuliko wa pili, usiuguse. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiongezeka pumzi kukatika au kifua kuuma, usingoje hata saa moja.

Mimi nimerudi barabarani, kilometa chache, mara tatu kwa wiki, na sitoki tena bila kula. Chupa ya mafuta ingali kabatini. Mwenyezi Mungu atupe afya na busara ya kuitunza. Amin.