Minyoo haizaliani tumboni

Jamani, hivi ugonjwa ukiwapata karibu watu wote bado unaitwa ugonjwa, au unageuka kuwa mazoea? Nauliza hivi kwa sababu ya minyoo. Kwetu mtoto akisaga meno usiku, bibi anasema tu "huyu ana mchango". Asubuhi anapewa dawa, anakwenda shule, yamekwisha. Hakuna anayeshtuka. Na neno lenyewe, mchango, ni lile lile la harusini: kitu ambacho kila mtu anategemewa kuwa nacho!

Tazameni basi na kazi yetu sisi waandishi. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mikoani na Zanzibar, kilikaa ukurasa wa mbele, na ilikuwa sawa kabisa, maana kinaweza kuua ndani ya saa chache. Minyoo haijapata heshima hiyo. Yenyewe haina haraka. Ile ya safura inapenya kwenye ngozi ya mtoto anayetembea peku, inafika tumboni, inakunywa damu kidogo kidogo. Mtoto anasinzia darasani, mwalimu anamwita mvivu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayoambukizwa kupitia udongo. Hapa kwetu, Pemba ndiyo iliyochunguzwa kwa karibu sana. Watoto wa shule walipopimwa huko miaka ya 1990, zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikutwa na minyoo ya safura, na zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Kwa maneno mengine, mtoto asiye na minyoo ndiye aliyekuwa wa ajabu.

Sasa kuna jambo moja ambalo wengi hatulijui. Wengi tunadhani minyoo ikishaingia tumboni inazaana humo humo mpaka inajaa. Hapana. Mnyoo jike wa ile minyoo mikubwa ya mviringo hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, lakini mayai hayo hayaanguliwi tumboni. Ni lazima yatoke na kinyesi, yakae kwenye udongo wiki kadhaa yakomae, ndipo yamezwe tena. Maana yake ni nini? Mtoto akitoa minyoo 30, basi amemeza mayai 30 yaliyotoka kwenye kinyesi cha watu. Ukihesabu minyoo ya nchi, umehesabu vyoo vyake.

Ndiyo maana vidonge peke yake haviwezi kumaliza kazi. Watoto wa Pemba waliotibiwa na kufuatiliwa katika miaka hiyo ya 1990 walikutwa baada ya miezi 6 wamerudia karibu na hali ya mwanzo. Dawa ilifanya kazi yake. Ila mtoto alirudi kucheza kwenye udongo ule ule.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya nchi maskini, tuyazoee tu. Nawaomba waitazame Korea Kusini. Mwaka 1971 ilipima watu wake nchi nzima, na asilimia 84 walikutwa na mayai ya minyoo na vimelea vingine vya tumboni. Asilimia 84! Kufikia 1997 ilibaki asilimia 2.4. Walifanyaje? Wanafunzi walipimwa choo mara mbili kwa mwaka na wenye minyoo wakatibiwa, miaka nenda miaka rudi. Wakati huo huo wakulima waliacha kutumia kinyesi cha binadamu kama mbolea, na vyoo na maji safi vikawafikia watu. Dawa na choo vilikwenda pamoja.

Sisi tunapenda sana ile siku ya vidonge. Mgeni rasmi anafika, mtoto anafungua mdomo, kamera zinapiga. Sisemi iachwe, dawa inasaidia na iendelee kutolewa. Ila ndugu zangu waandishi, mkishapiga picha hiyo, zungukeni nyuma ya madarasa mkapige na ya choo. Hesabuni matundu, hesabuni wanafunzi, muulize maji ya kunawa yako wapi. Habari yenyewe iko huko.

Au nyie mnaonaje?