Kiraka na Ritifaa

Neno kiraka ni neno la watu wasio na nguo ya pili. Mimi nililijua kwanza katika magoti ya suruali yangu ya shule, ambako mama alishona kipande cha kaniki juu ya kitambaa cha kaki, na rangi mbili zile zikawa ushahidi mbele ya darasa zima juu ya hali ya nyumbani kwetu. Baadaye nikalisikia viwanjani, ambako mchezaji kiraka ni yule awezaye kuwekwa popote palipopwaya. Sikudhani hata kidogo kwamba ningelikuta tena katika umri wa makamo, ndani ya chumba chenye baridi cha mitambo ya chuo, wala kwamba lingenitia adabu.

Mafundi wa kompyuta huita kiraka kipande cha programu kinachotolewa na watengenezaji ili kuziba kasoro iliyoonekana baada ya programu yenyewe kuingia kazini. Jina hilo halikuanza kwa mzaha. Katika miaka ya 1940 mashine ya Harvard Mark I ilisoma amri zake katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu lilipokosewa, mafundi walibandika kipande cha karatasi juu yake, na utepe ukaendelea na safari yake. Kiraka kilikuwa kiraka hasa. Leo hapana karatasi wala gundi, lakini kazi ni ile ile, isipokuwa kwamba nguo ya leo huwa mwilini mwa mvaaji wakati inaposhonwa. Hifadhidata ya benki, ya hospitali, au ya chuo chenye maelfu ya wanafunzi haivuliwi ikaanikwa. Watu huitumia mchana na usiku, na kila atakaye kuitia kiraka hana budi kuomba saa chache za kuifunga.

Saa chache hizo ndizo tulizonyima.

Kwa miaka minne nalikuwa mjumbe wa kamati ya mitihani, na katika kamati ile nalihesabiwa kuwa mtu mwangalifu. Mtunzaji wa hifadhidata yetu, kijana mpole asiyependa maneno mengi, alikuja mbele yetu kila baada ya miezi mitatu akiwa na karatasi moja mkononi, akaomba usiku mmoja. Tukamwuliza, mfumo unafanya kazi au haufanyi? Akajibu kwamba unafanya. Basi uache, tukasema. Mara ya kwanza usajili ulikuwa umekaribia; mara ya pili mitihani; mara ya tatu tulikuwa tukisahihisha; na mara ya nne mahafali yalikuwa mlangoni. Mwalimu wa lugha hakosi sababu, na mimi ndiye niliyeziandika sababu hizo katika kumbukumbu za mikutano kwa Kiswahili kizuri kiasi kwamba hata yeye aliyenyimwa alitoka akishukuru.

Siku moja alitutolea mfano ambao sikuujali. Tarehe 25 Januari 2003, alisema, programu haribifu iliyopewa jina la Slammer iliingia katika seva za hifadhidata zilizotumia SQL Server ya Microsoft. Umbo lake lilikuwa baiti 376 tu, yaani pungufu ya herufi zilizomo katika aya fupi ya insha. Hapo mwanzo idadi ya mashine zilizoambukizwa ilizidi maradufu kila sekunde 8.5, na katika muda wa dakika kumi mashine nyingi mno zilizoweza kuambukizwa zilikuwa zimekwisha kuambukizwa. Waliohesabu walikuta kama 75,000. Mashine nyingi za kutolea fedha za Bank of America zilishindwa kuwapa watu fedha zao. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Kwa miezi sita kilikaa kikingoja watu wakivae, na hata ndani ya Microsoft yenyewe, iliyokitoa, zilikuwamo seva ambazo hazikutiwa. Kijana alipomaliza, mwenyekiti alimshukuru, tukaenda kunywa chai.

Najua msomaji amekwisha kuona methali ya ufa na ukuta ikija. Nimeikwepa kwa makusudi. Methali ile ni ya mwashi, na mwashi akiziba ufa hapa, mlango wa jirani haugomi kufunguka. Katika mashine mambo si hivyo, na yaliyotupata sisi yalitokana na kiraka kama yalivyotokana na kukosa kiraka.

Mwaka 2022 hapakuwa tena na nafasi ya kuahirisha. Seva yetu ilitumia mfumo endeshi wa Debian toleo la 9, ambalo muda wa kutolewa viraka ulikuwa unakoma mwisho wa Juni mwaka ule. Kubaki nalo ilikuwa sawa na kukaa katika nyumba ambayo fundi wake ameaga. Kamati ikatoa usiku mmoja. Viraka vya mwaka mzima na zaidi, pamoja na mfumo endeshi mpya, vikaingizwa usiku huo mmoja, ili hali kila kimoja kilistahili kuangaliwa peke yake. Kijana hakufanya kazi ya ovyo. Wiki mbili kabla yake alikuwa amechukua nakala ya hifadhidata, akaipakia katika seva nyingine yenye mfumo mpya, akaijaribu kwa maswali mia moja na zaidi. Yote yalijibiwa sawasawa. Asubuhi ya pili mfumo ulifunguka saa kumi na mbili, kama alivyoahidi.

Wiki hiyo nilipokea orodha ya darasa langu la mwaka wa tatu, na jambo moja dogo likanifurahisha. Zamani mashine ilipopanga majina kwa alfabeti ilikuwa haiijali ritifaa, kile kialama kinachotenga ng' na ng. Jina lenye Ng'w lilipangwa kana kwamba limeandikwa Ngw, chini kabisa, baada ya akina Ngowi na Nguma. Sasa majina yenye ng' yalikuwa yametangulia yote, kabla ya Nga. Mimi ni mtu wa kamusi. Mwaka baada ya mwaka nimewaeleza wanafunzi kwamba ng' ya ng'ombe ni sauti moja, nazali ya kaakaa laini, wala si ng ya ngoma iliyopungukiwa na kitu, na tumekuwa tukijadiliana darasani ipewe mahali gani katika mpango wa maneno. Nikaibandika orodha ile ubaoni, nikamwambia mwenzangu wa chumba cha pili kwamba hatimaye mashine imeanza kusoma Kiswahili. Naliiona dalili ya ugonjwa, nikaipigia makofi.

Siku chache baadaye binti mmoja wa mwaka wa tatu aligonga mlango wangu. Alitoka Usukumani, na jina lake la ukoo lilianza kwa Ng'wana, ambalo kwa Kisukuma ni mwana, yaani mtoto wa fulani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Una shida gani?"

Alikuwa haoni alama zake za kazi ya muhula. Nikachapa jina lake la ukoo. Mashine ikajibu kwamba hapana mwanafunzi wa jina hilo. Nikachapa tena, polepole, herufi kwa herufi na ritifaa yake. Hapana. Akasema, "Mwalimu, labda utafute kwa namba yangu ya usajili." Nami, nikiwa na haraka, na nikijiona nimesema neno la hekima, nikamjibu kwamba jina ndilo mtu. Nikamwandikia kijikaratasi cha kwenda kwa karani wa usajili: Hayumo. Asajiliwe ili afanye mtihani. Nikatia sahihi.

Karani alitii. Alimwingiza upya, akampa namba mpya. Tangu saa ile katika hifadhidata yetu walikuwamo mabinti wawili: mmoja aliyesoma miaka mitatu ambaye jina lake halikuweza kumfikisha mtu kwake, na mmoja aliyezaliwa kwa kalamu yangu, asiye na alama hata moja, ambaye alionekana kila alipotafutwa. Mitihani ikafanyika. Alama zake za Julai zikaandikwa kwa yule mpya. Kikao cha matokeo kilipokaa, mwanafunzi huyo alikutwa hana masomo ya miaka iliyotangulia, na ikaamuliwa kwamba hastahili kuhitimu. Nilikuwamo kikaoni. Sikusema neno.

Alirudi kwangu bila kulia, jambo ambalo lilinielemea kuliko kama angelia. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoiomba kwa katibu wa idara. Ilikuwa orodha ile ile niliyoibandika ubaoni, na jina lake lilikuwa la kwanza miongoni mwa Ng, likiwa na namba yake ya zamani. "Mwalimu," akasema, "mimi ni yupi?"

Tulikwenda pamoja kwa mtunzaji wa hifadhidata. Alitazama orodha, akatazama skrini, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akashika kichwa. Maelezo yake nayatoa kwa mfano wangu mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tulilelewa katika maktaba zenye makabati ya kadi. Hifadhidata kubwa haisomi kila ukurasa inapoulizwa jina. Hutumia faharasa iliyopangwa kwa mfuatano wa herufi, na huingia moja kwa moja katika droo inayohusika. Fikiri basi kwamba mkutubi wa zamani amepanga kadi zake bila kuijali ritifaa, kisha usiku mmoja akaondoka, akaja mkutubi mpya ambaye ritifaa kwake hutangulia herufi zote. Makabati hayakuguswa. Ukimwomba mpya kadi ya Ng'wana, atafungua droo ambayo yeye angeiweka, na asipoikuta ataapa kwamba haimo. Ukimpa kadi mpya ya jina hilo, ataiweka katika droo yake, na tangu hapo ataipata kila siku. Kadi ya kwanza haikupotea. Ipo palepale ilipowekwa na mkono uliojua mahali pake.

Mkutubi huyo ndiye glibc, maktaba ya amri ambayo programu nyingine huitegemea, na hifadhidata yetu ya PostgreSQL ilikuwa ikiiuliza jinsi ya kupanga herufi. Katika toleo lake la 2.28, lililotolewa Agosti 2018, kanuni za mpangilio zilibadilishwa, na Debian ya 10 ililichukua toleo hilo. Onyo lilikuwa limekwisha andikwa na watu wa PostgreSQL kwamba faharasa za maneno zijengwe upya baada ya badiliko hilo. Lilikuwamo kati ya kurasa nyingi za maonyo mengine, ya viraka vingi vilivyorundikana, vya kusomwa na mtu mmoja kwa ajili ya usiku mmoja. Na lile jaribio la wiki mbili kabla? Hapo ndipo nilipomwonea huruma kijana yule. Nakala ya majaribio ilipakiwa upya kuanzia mwanzo, kwa hiyo faharasa zake zilijengwa na mkutubi mpya mwenyewe, na kila kadi ikakaa anapoitazamia. Jaribio lilifaulu kwa sababu ya namna lilivyofanywa. PostgreSQL toleo la 15, ambalo huikumbuka kanuni iliyotumiwa na kuonya ikibadilika, lilitoka Oktoba 2022, miezi minne baada ya usiku wetu.

Akatoa amri ya kujenga faharasa upya. Moja ikakataa. Ilikuwa ile inayolinda sharti kwamba watu wawili wasiwe na majina yote sawa na tarehe moja ya kuzaliwa. Ikasema kwamba wamo wawili walio mmoja. Sharti hilo lilikuwapo siku karani alipomwingiza binti upya, lakini mlinzi naye alikuwa akitazama droo isiyo yake. Ilibidi tukae, kijana, karani na mimi, tuhamishe alama za Julai kwa mwenye nazo, ndipo tumfute yule niliyemwumba. Tulipomaliza tukatafuta majina mengine yenye ritifaa. Wengine walikutwa. Hawakuwa wamelalamika, na sijaacha kujiuliza ni karatasi gani walizoandikiwa na watu kama mimi.

Matokeo yake yalisahihishwa Septemba. Kabla ya cheti kuchapwa alikuja ofisini kuniomba ushauri: liandikwe bila ritifaa, lisije likasumbua tena huko aendako? Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na hotuba nzima juu ya swali hilo, lakini mtu aliyeandika "Hayumo" hakuona kwamba anayo haki ya kuitoa. Nikamwuliza baba yake angesemaje. Akacheka kidogo, akasema baba yake asingejua hilo ni jina la nani. Basi tukaliacha na ritifaa yake.

"Na wakitia kiraka tena, mwalimu?"

Kamati ilikuwa imekubali, kwa hoja yangu na kwa kura chache, kwamba usiku wa Jumamosi ya pili ya kila mwezi uwe wa viraka, uwapo mtihani au usiwepo. Nikafungua shajara, nikamsomea tarehe ya usiku uliofuata, nikamwambia aje Jumatatu yake tulitafute pamoja. Alikuja saa mbili kamili, akakaa upande wangu wa meza ili aione skrini. Tulianza na namba.