Hamburg: mji wa meli, manyunyu na pesa iliyofungwa

Watu wakirudi kutoka Ulaya wanakusimulia theluji, treni na maduka. Hakuna anayekusimulia benki. Na kwa mwanafunzi mgeni kimbembe kiko hapohapo. Unaweza kuwa na zaidi ya shilingi milioni 30 kwa jina lako na bado kodi ya chumba ikakushinda. Si utani, yamenikuta.

Nilifika Hamburg mwishoni mwa Septemba 2024 kuanza shahada ya uzamili. Huu ni mji wa pili kwa ukubwa Ujerumani, baada ya Berlin, na tangu 2010 una undugu rasmi na Dar es Salaam. Undugu wenyewe utauona majini. Pale Landungsbrücken unapanda kivuko namba 62 kwenda Finkenwerder kwa tiketi ileile ya basi na treni. Watu wanapanda na baiskeli na watoto wao, na mtu wa Dar lazima akumbuke pantoni ya Kigamboni, ila hapa hupati muuza karanga. Meli za makontena zinapita karibu mpaka unajiona sisimizi. Na hiyo siyo bahari, ni mto Elbe. Bahari yenyewe iko mbali, kama kilomita 100. Mvua yao nayo ni manyunyu ya siku nzima, haina haraka wala aibu.

Sasa turudi kwenye mshiko. Ukitaka viza ya masomo ya Ujerumani na huna mfadhili, njia inayotumiwa na wengi ni Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Unazituma zote ukiwa bado nyumbani, unapewa hati ya kuthibitisha, unaipeleka ubalozini. Ukishafika kule hupewi kwa mkupuo, unaachiwa euro 992 kila mwezi, basi. Wanachotaka ni kuhakikisha mwanafunzi hafiki na kuchacha mwezi wa pili. Mantiki ipo. Tatizo ni kwamba hizo 992 haziji mkononi, zinaingia kwenye akaunti ya kawaida, ambayo lazima uifungue mwenyewe.

Kuzipata hizo milioni, mimi na mume wangu tuliuza kiwanja chetu cha Chanika. Kilikuwa chetu sote wawili, lakini Sperrkonto inakuwa kwa jina la mwanafunzi peke yake. Hapo mashemeji walipata la kusema. Kiwanja kimekwenda Ulaya, na pesa iko kwa mwanamke! Mume wangu hakuwajibu. Tuliandikiana karatasi mbele ya kaka yake mkubwa, tukatia sahihi wote wawili: pesa ni ya nani, ni ya nini, na ikibaki itafanya nini. Wengine walicheka. Mimi naona ile karatasi ndiyo iliyonipandisha ndege.

Nyumbani tumezoea mambo mepesi. Una kitambulisho, unaweka kidole, laini imesajiliwa, na wakala yuko chini ya mwembe anakutolea pesa mpaka usiku. Hamburg mambo yanakwenda kwa mnyororo. Benki inataka cheti cha kusajili makazi. Cheti hicho hupewi mpaka mwenye nyumba asaini karatasi kwamba kweli unakaa kwake. Na mwenye nyumba wangu, bwana, alikuwa likizo Uhispania!

Nikajaribu benki moja ya kwenye simu, ile ambayo unafungua akaunti ukiwa kitandani. Yule wa upande wa pili wa video akaitazama pasi yangu, akaniambia kwa upole kwamba pasi ya nchi yangu haimo kwenye orodha yao. Nikaenda tawi la benki nyingine, nikaambiwa nirudi na cheti. Mfukoni nina euro 700, chumba ni 430, na sheria ya huko inataka kodi ilipwe ndani ya siku tatu za kwanza za kazi za mwezi. Tena mkataba wangu ulisema kodi ipite benki, si mkononi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Tanga, mkazi wa Hamburg wa miaka mingi, tuliyekutana kwenye shughuli ya Watanzania. "Mdogo wangu, nipe hizo taslimu, mimi nakulipia kutoka kwangu," alisema. Hakuandika popote, hakuuliza ukoo wangu. Kisha akaniuliza, "Jina umeshabandika kwenye sanduku la barua?" Maana Ujerumani posta anafuata jina, hafuati namba ya chumba. Kadi ya benki inakuja na barua yake, namba ya siri inakuja na nyingine. Jina lisipoonekana, barua inarudi ilikotoka.

Usiku huo mume wangu alipiga. Sauti yake nikaijua tu.

"Mke wangu, mimi nakuamini. Ila ndugu wananiuliza kila siku, na sina cha kuwaonyesha."

"Mume wangu, hata mimi sina cha kujionyesha."

Tukanyamaza muda mrefu, dakika zinakwenda. Ndiyo mara ya kwanza nilipoogopa kwamba tunaweza kupoteza zaidi ya kiwanja.

Wiki ya tatu mwenye nyumba akarudi, akasaini. Nikasajiliwa, nikaingia benki na pasi, cheti cha makazi na barua ya chuo. Ndani ya saa moja nilikuwa na namba ya akaunti: herufi DE na tarakimu 20. Nikaipeleka kwa watu wa Sperrkonto, na siku chache baadaye 992 za kwanza zikaingia. Nilipiga picha salio, nikamtumia mume wangu kabla sijanunua hata maziwa.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Kuona salio kulileta ugomvi mpya. Yeye alitaka euro 200 kila mwezi tuanze kutafuta kiwanja kingine. Nikamwonyesha hesabu: chumba, bima ya afya, chakula, koti la baridi. Hakuna 200 hapo. Aliumia, na haki yake, jasho lile ni lake pia. Tulichokubaliana ni hiki: 992 ni za kuishi, haziguswi. Mwanafunzi wa kutoka nje anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka; kitakachopatikana huko ndicho cha kiwanja. Na kila Jumapili jioni tunafungua hesabu pamoja, yeye Tabata, mimi Hamburg.

Kama wewe au laazizi wako mnajiandaa, shikeni haya. Mwenye nyumba aahidi kwa maandishi, kabla hujapanda ndege, lini atasaini karatasi ya makazi. Beba taslimu za mwezi mmoja na nusu. Benki ikikukatalia, ulizia Basiskonto: tangu 2016 sheria ya Ujerumani inampa anayeishi kihalali Umoja wa Ulaya haki ya akaunti ya msingi, na benki ina siku 10 za kazi kuifungua tangu ipokee maombi yaliyokamilika. Na viza ikikataliwa msizimie, pesa ya Sperrkonto inarudi kwa barua ya ubalozi.

Mji wenyewe una historia na akiba: mwaka 1778 ilianzishwa hapa moja ya benki za akiba za mwanzo kabisa duniani, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, wakiwemo watumishi wa majumbani. Jumapili nikimaliza hesabu na mume wangu, hupanda namba 62 nikavuka mto na kurudi, bila shughuli yoyote. Wiki iliyopita aliniuliza nauli ya kivuko ni kiasi gani, aiandike. Nikamwambia imo kwenye tiketi ya mwezi. Akacheka, akasema, "Basi vuka mara mbili."