Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kupakia Korosho



Msimu wa korosho ukifika, huku Masasi na Newala trekta halipumziki. Linavuta tela la magunia hadi ghala la chama cha msingi. Mvua za kwanza zikinyesha, linalima. Baada ya hapo husimama juani miezi mingi. Hapo ndipo tairi huanza kupata nyufa.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, palizi na dawa za mikorosho. Lakini nimekaa karibu na matrekta ya vikundi kwa miaka mingi, na leo nataka tuzungumze juu ya tairi. Pengine utasema, "Mimi sina trekta." Sawa. Lakini tela hilo linabeba magunia yako, na dereva ni kijana wa kijijini kwako. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini. Tairi likipasuka kwenye mteremko, tela lililojaa humsukuma dereva, naye hana la kufanya.

Nyufa zinatoka wapi? Jua hukausha mpira. Mafuta na grisi huuharibu. Mzigo ukizidi, au upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kupita kiasi. Na visiki shambani huuchana.

Nyufa si sawa zote. Zipo nyembamba kama nywele, za juu juu tu. Tairi la namna hiyo laweza kufanya kazi nyepesi, lakini likaguliwe kila wiki. Upo ufa mwingine ambao ukichungulia ndani unaona nyuzi. Au utaona ubavu umevimba. Tairi hilo limekwisha. Usidanganywe kwamba tyubu mpya italiponya. Tyubu hushika upepo, lakini tairi ndilo linaloshika tyubu.

Mwaka 2022 kikundi kimoja upande wa Newala kililetewa tairi kuukuu la kununua. Lilikuwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha harusi. Mama mtunza hazina, aliyejifunza kusoma ukubwani, aliinama akasoma ubavuni. Aliona namba nne: 1409. Akauliza maana yake. Nikamwambia: namba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009. Akachukua kitambaa chenye maji, akafuta rangi. Chini yake nyufa zilijaa, na nyuzi zilionekana. Fedha za kikundi zilirudi sandukuni siku ile ile.

Ndugu, tairi nyingi zina namba hizo. Zitafute kabla ya kulipa.

Sasa, kama tairi linapungua upepo, fanya hivi:

1. Pima upepo asubuhi, kabla trekta halijatembea. Andika namba katika daftari. Siku ya pili pima tena.

2. Chukua povu la sabuni. Najua maji ni haba kwetu uwandani, lakini kikombe kimoja chatosha. Paka kwenye valvu, kisha pale tairi linapokutana na rimu, kisha ubavuni. Penye mapovu yanayochemka ndipo upepo unapotoka.

3. Kama ni valvu, badilisha kile kisindano cha ndani, kisha funga kifuniko. Kifuniko huzuia mchanga.

4. Kama ni tyubu, fundi aizibe. Lakini kwanza mwiba utolewe kwenye tairi. Ukibaki, utatoboa tena.

5. Kama ubavu umetoboka, kiraka cha kawaida hakifai. Ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hubanduka.

Yapo mambo mawili ya hatari. Usikubali rimu ichomelewe tairi likiwa juu yake. Joto huongeza nguvu ya upepo ndani, na tairi laweza kulipuka na kuua. Tena, wakati wa kujaza upepo usisimame mbele ya ubavu. Tumia mpira mrefu, usimame kando, na watoto wawe mbali. Kiasi cha upepo kifuate kitabu cha trekta, si mazoea ya fundi.

Kutunza tairi hakuhitaji fedha nyingi. Kazi ikiisha, futa mafuta na grisi. Weka trekta kivulini, hata chini ya banda la makuti. Kama litakaa muda mrefu, linyanyue kwa jeki na kuliweka juu ya magogo imara, ili tairi zisibebe uzito. Upepo usiachwe kuisha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta waweza kujengwa upya. Dereva aliyeanguka na trekta mteremkoni hawezi. Basi kabla gunia la kwanza halijapakiwa, mmoja wenu azunguke trekta na tela, asome kila ubavu, na aandike alichoona. Wewe unayesoma ukurasa huu unaweza kuwa huyo mmoja.