Viti Vinane

Kwa miaka 17 nilikaa kiti cha kushoto, kisanduku cha chanjo miguuni, na kulia kwangu akikaa dereva tuliyemwita Mjomba. Niliajiriwa Lushoto mwaka 1991, nesi wa miaka 21 kutoka Tanga mjini, ambako ukitaka kuona mlima unatazama mbali siku isiyo na mawingu. Kazi yangu ilikuwa afya ya mama na mtoto, na nusu ya kazi hiyo haikufanyika ndani ya jengo. Tulipeleka chanjo vijijini: upande wa Mlalo, upande wa Mtae, Bumbuli, na kwingine ambako watoto walilikimbilia gari kwa shangwe, kisha wakiona sindano wanatimka.

Chanjo ina masharti kuliko bi harusi. Inataka nyuzijoto 2 hadi 8, na barafu uliyoondoka nayo alfajiri haikusubiri. Gari likikwama saa nne asubuhi, yule mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni, anayekusubiri chini ya mti unakotundika mizani, utamwambia arudi mwezi ujao. Wengine hawarudi. Hivyo ndivyo mimi, niliyekuja milimani sijui hata tofauti ya klachi na breki, nilivyoanza kusikiliza gari.

La kwanza lilikuwa Land Rover 109, kuukuu, linalovuja oili kila liliposimama. Mwaka 1996 tukaletewa Land Cruiser hardtop, lile ambalo watu wanaliita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda kando ya kioo. Tulijiona tumefika. Mjomba peke yake hakushangilia. Alilizunguka, akapiga tairi teke, akauliza spea zake zinapatikana wapi.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za lami na kona tupu, mwamba huku na korongo kule. Pale Mjomba hakuingiza foo wili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, hata siku moja, nami nilidhani anaibania kama baadhi yetu tunavyobania sahani za wageni. Siku moja nikamwuliza. Akasema kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali sawa. Ukiyafunga pamoja juu ya lami kavu yanagombana, na anayelipa faini ni giaboksi. Kwa hiyo alisubiri hadi Magamba lami ilikoishia. Hapo alishuka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akazungusha kifungo kilichopo kitovuni, mafundi wanakiita frihabu, akaenda upande wa pili akafanya vilevile, ndipo akarudi kuvuta ule mkono mfupi wa gia. Nimewaona madereva wavivu waliovuta gia bila kushuka, wakashangaa mbona gari linasukumwa na miguu ya nyuma tu.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 ndizo zilizonifunza lililobaki. Udongo wa Usambara ni mwekundu, na ukilowa unakuwa sabuni. Tulifika juu ya mteremko mmoja, nyuma kuna wahudumu wawili na mjamzito tuliyeombwa kumshusha hospitali. Mjomba akasimama. Akawashusha wote isipokuwa mgonjwa, na mimi niliyekuwa nimemshika. Nikamwambia, "Mjomba, si tuna foo wili?"

"Sista," akasema, "foo wili inasukuma. Haishiki. Breki za gari hili ni nne, na za Peugeot ya padri ni nne vilevile."

Akasogeza gia hadi L, akaweka namba moja, akaondoa miguu kwenye pedeli zote. Gari likashuka likiunguruma kama mzee anayeshuka ngazi, na yeye hakugusa breki hadi chini. Nikajua siku ile kwamba nilikuwa nimekielewa kifaa kile kinyume. Nilidhani ni cha kukuokoa usianguke. Kumbe ni cha kukupandisha tu, na kinaweza kukupandisha hadi mahali ambapo hujui utashukaje.

Mgonjwa wetu alikuwa amelala sakafuni, kati ya zile benchi mbili za pembeni zinazotazamana. Nilimbana kwa magoti ili asiviringike. Kila tulipopinda, kichwa chake kiligonga chuma cha benchi, nami nikaweka kiganja katikati. Alijifungua salama hospitali, mtoto wa kike. Mkono wangu ulivimba siku nne. Benchi zile sikuzisahau.

Niliolewa na mwalimu wa hisabati, mwenyeji wa kule ng'ambo ya Lukozi. Mwaka 1998 tukapata mtoto, 2001 wa pili, na 2004 tukanunua Corolla nyeupe ya mkononi. Gari zuri, sina ubaya nalo, ila liliishia lami ilipoishia. Tukienda kwao mume wangu wakati wa masika tuliliacha uani kwa mtu, tukapanda gari la mboga linalorudi tupu, watoto wamekalia matenga. Kwa watoto wawili iliwezekana, na wao waliona ndiyo starehe yenyewe.

Kisha 2010, nikiwa na miaka 40, mimi niliyezunguka wilaya nzima nikifundisha uzazi wa mpango chini ya miti, nikajifungua mapacha. Sitaeleza zaidi, wenzangu kazini walinicheka vya kutosha. Mwaka uliofuata dada yangu akafariki, mwanawe wa miaka saba akahamia kwetu. Mama mkwe naye, magoti yakiwa yamemchoka, akashuka kutoka kijijini kuja kukaa nasi, kwa sharti moja: kila sikukuu na kila msiba arudishwe kwao. Na kule misiba haikauki.

Mume wangu akaandika hesabu nyuma ya daftari la mwanafunzi. Sisi wawili, wakubwa wawili, mapacha, mpwa, na Bibi. Nane.

Yeye alitaka mkonga. Wanaume wengi wa milimani ninaowajua wanautaka mkonga, hata asiye na pa kwenda. Nilimwambia nimekaa humo miaka 12 na ninajua kila kitu chake: hauchoki, haubabaiki, fundi yeyote wa serikali anaufungua akiwa amefumba macho. Lakini injini ile ya cc 4200 ukiiwasha ni kama umewasha jiko la shule. Na nyuma kuna zile benchi. Siwaketishi mapacha wangu ubavu ubavu, bila mkanda, wakitazamana kama abiria wa karandinga. Akanyamaza. Alijua habari ya kiganja.

RAV4 tuliipenda, na X-Trail ile yenye kitufe cha kuchagua magurudumu mawili au manne, na Forester ambayo jirani yetu aliisifu kila Jumapili. Zote zilikuwa na viti vitano. Tungemwacha nani? Prado ilikuwa na viti, ina miguu, ina heshima, na bei ya iliyo nzima ilikuwa sawa na nyumba yetu pamoja na bati. Mashangingi hayo nimeyaona mengi hapa mjini, njia yake ndefu kuliko zote ni kutoka nyumbani hadi baa. Si kosa la gari.

Nikaenda Mombo kumwona Mjomba. Alikuwa amestaafu tangu 2008, anauza mbao. Hakunishauri gari. Aliniuliza maswali kama mimi nilivyouliza akina mama kliniki. Nani atapanda? Mnapanda mlima mara ngapi kwa mwaka? Mkiharibikiwa Lukozi saa moja usiku, nani atafungua boneti? Lile la mwisho lilinikalisha. Kisha akasema, kama anayetaja dawa ya mitishamba mbele ya daktari, "Noah. Lakini ile ya foo wili."

Noah! Mume wangu alishika kichwa. Huku kwetu Noah ni gari la abiria, inapakia hadi kuku. Yeye, mwalimu mkuu msaidizi, aonekane ndani ya Noah? Nikamwambia ndiyo sababu yenyewe: gari linalobeba abiria kila siku katika milima hii spea zake zinauzwa hata kwenye duka la chumvi, na kijana yeyote mwenye spana analijua.

Mjomba alinipa somo moja kabla sijaondoka, akachora kwa kijiti mchangani. Noah zile za zamani, za kuanzia 1996, injini imelala chini ya viti vya mbele na nguvu inakwenda nyuma. Kwa hiyo usidanganywe na propela, zote zinayo. Tazama mbele: kama kuna shafti mbili zinazoingia kwenye magurudumu ya mbele, hiyo ndiyo ya foo wili. Zile mpya za kuanzia 2001 ni kinyume, zinavutwa na mbele, kwa hiyo hizo unatafuta propela na difu nyuma. Na kama hutaki kuchafuka, soma kibati: ya zamani SR40 ni magurudumu mawili, SR50 ni manne, mpya AZR60 ni mawili, AZR65 manne. Zile mpya aliniambia nikae nazo mbali kwa sababu ya injini zake za D4, ambazo mafundi wetu wakati ule walizifungua kwa kusitasita. Nilimsikiliza. Bado naona alikuwa sahihi kwa wakati ule na mahali pale.

Dar es Salaam, yadi ya kwanza, kijana akanifungulia mlango. "Foo wili hii, Mama, wala usiwe na shaka." Nikatandika kanga yangu chini, nikalala chali, nikaingia mvunguni hadi mabegani. Nesi wa miaka 42 na miguu yake nje, wateja wanapita. Mbele hakuna shafti. Nikatoka, nikasoma kibati: SR40. Nikamwonyesha. Hakutikisika hata kidogo. "Hiyo ni foo wili ya ndani kwa ndani, Mama."

Tuliipata Tanga, kwa mtu aliyekuwa akihama. SR50, injini ya cc 1998. Mume wangu, mtu wa namba, alizifurahia zile cc mbili zinazopungua: wakati ule kati ya 1000 na 2000 ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5, ikivuka ulikuwa 10, juu ya forodha ya 25 na VAT ya 18, na kodi hizo hata ukinunua kwa mtu zilikuwa ndani ya bei. Mimi nilitoa uzi mfukoni. Noah ile inazungusha magurudumu yote manne muda wote, haina mkono wa kuvuta, na Mjomba alinionya kwamba gari la namna hiyo linachukia matairi yasiyolingana. Tairi likiwa dogo linazunguka haraka kuliko wenzake. Kile kiungo cha katikati kinachogawa nguvu kinadhani gurudumu linateleza, kinafanya kazi ya bure mchana kutwa hata kwenye lami, kinachemka, mwisho kinakufa. Nikazungusha uzi kwenye kila tairi. Matatu yalilingana. La nne lilipungua vidole vitatu. Tulikatiwa bei ya matairi manne mapya, na tukayanunua palepale kabla ya kupanda mlima.

Mashaka yalikuwepo. Gari liko chini. Fundi akaliinua kwa spesa, si sana, maana ukilinyanyua mno linakuwa ngamia kwenye zile kona za Soni. Kubadilisha plagi unainua kiti. Na joto la injini linapanda matakoni mwa abiria wa mbele, jambo ambalo Tanga ni adhabu. Lushoto mwezi wa saba ni neema. Bibi aligundua hilo siku ya kwanza, na tangu hapo kiti cha kushoto kilikuwa chake. Usukani niliushika mimi. Leseni niliipata 2009, mwaka mmoja baada ya Mjomba kustaafu, kwa sababu dereva aliyekuja baada yake alinitisha.

Aprili 2013 tulikwenda msibani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Baada ya msitu wa Magamba tukaukuta mteremko umeng'aa, na kando yake shangingi jipya limelala kwenye mtaro, dereva wake anaongea na simu, matairi yake laini kama mapapai. Nikasimama. Nikawashusha wote. Mume wangu akambeba pacha mmoja, mkubwa wetu akambeba mwingine, wengine wakavua viatu. Bibi peke yake akagoma. Magoti yake, alisema, na kiti kina moto.

Nikaweka gia ya chini kabisa, nikaondoa miguu. Tulishuka mimi na mama mkwe, polepole, yeye akinisimulia habari za marehemu kana kwamba tuko jikoni. Chini kabisa, kwenye daraja, mzee mmoja mwenye mwavuli akanyoosha mkono. Nikasimama, kwa kweli nikitaka kupumua.

"Lukozi nauli shilingi ngapi?" akauliza, akichungulia viti vitupu.

Bibi akateremsha kioo kabla sijajibu. "Elfu mbili, baba. Ila ngoja kidogo. Abiria wangu wanakuja kwa miguu."