Kariakoo hadi baharini kwa mbio

Kariakoo humwachia mkimbiaji nafasi alfajiri ya Jumapili tu. Saa nyingine unapita kwa ubavu, begi umelikumbatia kifuani. Ndiyo maana jirani yangu wa Mtaa wa Sikukuu, dada mwenye duka la vitenge Mtaa wa Uhuru, alipokubali kunionyesha njia yake ya mbio alinipa sharti moja: saa kumi na moja na nusu niwe nimeshafunga kamba za viatu.

"Usitoke kama unakimbizwa na mgambo, kaka," aliniambia tulipoanza Msimbazi. "Taratibu mpaka Mnazi Mmoja. Pumzi utaihitaji mbele."

Nyuma ya soko pikapu ilikuwa ikishusha matenga ya nyanya. Kuli mmoja alichomoka hapo na gunia la vitunguu mgongoni, kiwiliwili amekiinamisha, kitambaa kimekunjwa kisogoni. "Mzigo huo! Mzigo!" Tukampisha. Naye alikuwa akikimbia, tena kunishinda, na miguuni ana kandambili. Ni hapahapa Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi wao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na likaungua Julai 2021. Kubeba hakujasimama hata siku moja.

Tukashika Uhuru. Maduka ya vitenge na kanga yote yalikuwa yamefungwa, na bila rangi zile mtaa ulionekana mpana maradufu. Tulipoivuka Lumumba, anga ikafunguka: Mnazi Mmoja.

Wengi tunapajua kwa mikutano na sala za Idi. Ukipapita kwa mbio ndipo unapouona ukubwa wake. Wakoloni walipaacha wazi kwa makusudi, ili mitaa ya Waafrika upande wa Kariakoo itengane na ya Wazungu na Wahindi upande wa bahari. Asubuhi ile kikundi cha jogging kilikuwa kikikatiza palepale, fulana za njano, mtu wa mbele anaanzisha wimbo na wenzake wanaitikia kwa vishindo vya miguu. Mchakamchaka wa shule ya msingi ule ule, ila sasa wamo akina mama watu wazima na mzee mmoja mwenye kitambi. Nilimwamkia shikamoo huku nahema. "Marahaba, kaza mwanangu!" akajibu, akanipita. Tukauzunguka uwanja nyuma yao. Ardhi ni ya vumbi na nyasi zilizokanyagwa, laini kwa magoti kuliko lami yoyote ya mjini.

Kutoka hapo ni Mnara wa Saa, kisha Samora yote. Samora haina mengi kwa mkimbiaji: vigae vya barazani vinateleza na walinzi wanakukodolea macho. Lakini kwenye Sanamu ya Askari inafaa kupunguza mwendo. Ilisimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann, na maandishi yake yanawakumbuka askari pamoja na wapagazi. Aliyepata sanamu ni mwenye bunduki. Mimi ningemweka yule wa gunia.

Mbele kidogo joto la lami linakatika ghafla. Ni Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, jirani na Makumbusho ya Taifa. Harufu ya majani mabichi inakupokea kabla hujaiona miti. Tausi alilia mahali fulani ndani nikashtuka, jirani yangu akacheka hadi akasimama. Imebaki bustani ndogo, majengo yameimega kila upande, lakini kivuli chake ndicho bora kuliko vyote katika njia hii.

Kisha upepo wa chumvi, Barabara ya Barack Obama, na bahari. Tukakaa ukingoni tukinywa maji, jua limeshatoka.

Njia yote ni kama kilomita 4, na kwa mjini kati sijaona inayoizidi. Ukitaka kuijaribu, chagua Jumapili, uondoke kabla ya jua, na utie nauli ya kurudia mfukoni. Kufika saa mbili Kariakoo imeshajaa, na hakuna atakayekupisha.